Swichi Iliyowaka Bila Waya

"Dakika tatu," alisema Mama Swichi. "Umechomoa swichi, umeweka nyingine, umepakia na programu mpya ya kuiendesha. Kwa dakika tatu."

"Mbili na nusu, dada yangu," alisema Injinia. "Sikutaka kujisifu."

"Hata birika la chai halichemki kwa muda huo."

"Ndiyo maana birika halijapewa kazi hii."

Meneja wa hospitali alicheka, kisha akafunga vifungo vya koti. Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya friji, na katika miaka yake sita ya umeneja hakuwahi kukanyaga humo.

"Mama, tumebishana vya kutosha," alisema. "Mtu amefanya kazi mbele ya macho yetu na hakuna kilichozimika. Wewe ukitaka kuweka programu mpya unaomba Jumapili nzima."

"Naomba kwa sababu nafanya swichi moja, nasubiri njia zake zote za kupitisha mafaili zirudi, ndipo naigusa ya pili."

"Basi kuanzia Jumatatu utasubiria nyumbani. Kazi nampa Injinia."

Miaka kumi na miwili ya Mama Swichi ya kuzitunza mashine hizo ikaishia hapo. Aliangalia taa za swichi mpya.

Kwa heshima ya taaluma, tueleze kidogo. Mafaili ya wagonjwa hukaa kwenye makabati ya diski. Kompyuta kubwa za hospitali zinayafikia kupitia swichi, na swichi hizo huwa mbili, A na B, kama figo. Moja ikifa, mwenzake anabeba mzigo wote na hakuna mgonjwa wala daktari atakayejua. Waliobuni mpango huo waliuita usalama. Injinia aliuita riziki.

Kazi yake ilikuwa hivi. Anachomoa swichi A, nzima kabisa, na mahali pake anaweka bati la umbo lilelile, lenye betri, feni ndogo ya kuvuma na taa za kijani za kupepesa. B inaendelea kubeba. Mteja anaona hakuna kilichozimika, anampa mkono, na Injinia anatoka na swichi ya kweli kwapani, akisema anakwenda kuitupa pasipo kuchafua mazingira. Alishafanya hivyo katika ofisi tatu. Zote zilikuwa bado zinamsifu.

Mtu wa kwanza kumwita Injinia alikuwa yeye mwenyewe, na jina likamkaa vizuri kuliko suti. Hospitali hii hata hakuitafuta. Alikuja kung'olewa jino. Akiwa kwenye benchi, shavu limevimba, katikati ya mjamzito na mzee mwenye kikohozi, alimsikia Meneja akifoka kwenye simu: mfumo unajikokota, bodi inakutana wiki ijayo, na yeye hana la kuwaonyesha. Jino likaacha kuuma papo hapo, akaondoka nalo. Kesho yake Injinia akarudi amevaa tai.

"Kabla sijafunga virago," alisema Mama Swichi, "nina swali moja tu. Swichi yako mpya inafanya kazi?"

"Kama moyo wa mwanariadha."

"Kwa hiyo ile B ya zamani hatuihitaji, hata kwa dakika moja."

"Kinadharia," alisema Injinia, akianza kulegeza tai.

"Vizuri. Naizima."

Alinyoosha mkono mpaka nyuma ya kabati la swichi. Katika baridi ile ya friji, jasho likamtoka Injinia.

"Subiri, dada. Subiri, mama. Programu mpya inahitaji kupumzika. Saa ishirini na nne."

"Imechoshwa na dakika mbili na nusu?"

"Bosi, mwambie. Huyu mama ana hasira, atatuharibia."

"Mwache azime," alisema Meneja, ambaye tayari alikuwa anajiona mbele ya bodi akisimulia. "Aone kwa macho yake."

"Moja," alisema Mama Swichi. "Mbili."

Injinia alikuwa mwizi mwenye kanuni, ingawa chache. Moja ya hizo ilikuwa kwamba mtu asife. Akilini alimwona yule mjamzito. Alimwona yule mzee. Alimwona daktari juu ya mgonjwa aliyepasuliwa, akiuliza kundi la damu, na kioo kimekuwa cheusi.

"Usizime," alisema. "Yangu ni bati."

"Ni nini?" aliuliza Meneja.

"Bati, bosi. Lina feni na taa. Mama, toa mkono hapo, nakuomba, kuna watu huko juu."

Mama Swichi akazima.

Kioo cha ukutani, kinachoonyesha hali ya swichi, kikawa chekundu chote. Meneja akaegemea ukuta. Injinia akaziba masikio, akingoja mayowe. Hakuna aliyepiga yowe. Simu haikulia. Nje, kitoroli cha dawa kikapita kwenye korido kikilalamika magurudumu.

"Hili ni kabati la mazoezi," alisema Mama Swichi. "Kitu kipya hakigusi mafaili ya wagonjwa mpaka kikae humu wiki nzima. Swichi za kweli ziko nyuma ya mlango ule, na ufunguo ninao shingoni."

"Hukuniambia," alisema Meneja kwa sauti ndogo.

"Ungekuwa umewahi kuingia humu, ungejua."

Injinia akaketi juu ya sanduku lake. "Ulinijuaje?"

"Taa zako ziliwaka kabla hujachomeka waya hata mmoja. Swichi ya kweli haikushangilii namna hiyo. Sasa niambie, umeacha mabati mangapi mjini?"

"Matatu. Kampuni ya maji, chuo, na watu wa bima."

"Na swichi zao?"

"Chini ya kitanda changu. Hazinunuliki, mama. Kila anayejua thamani yake anaanza kwa kuuliza namba yake ya usajili."

Meneja alishatoa simu. "Nawapigia polisi. Ila bodi wasijue."

"Polisi watazifungia stoo kama ushahidi," alisema Mama Swichi, "na ofisi tatu zitaendelea kuishi na figo moja bila kujua. Maji ya mji mzima yanapita kwa hao wa kwanza. Zinarudishwa leo. Halafu huyu atajieleza kwa polisi, na wewe utajieleza kwa bodi."

"Na hapa nani atabaki?"

"Wewe. Koti unalo. Ukiona taa ya njano, usiguse kitu, nipigie."

Meneja alizitazama taa. "Na Jumatatu?"

"Jumatatu nitakuwa hapa saa mbili. Jumapili nitahitaji siku nzima."

"Chukua," alisema Meneja.

Mama Swichi alitwaa ufunguo wa gari la hospitali ukutani, akamtupia Injinia sanduku la vifaa, la kweli, zito. Injinia alilidaka kwa kifua.

"Na bati langu?"

"Libaki na Meneja, limpepee. Haya, mwanangu, tangulia. Leo unafanya kazi, moja baada ya nyingine, na katikati tunasubiri njia zirudi."

Injinia akatangulia. Kwenye ngazi, jino likaanza kuuma upya.