Toroli Langu na Pancha Zake

Jumatatu, 6 Mei

Toroli limepata pancha. Yaani, nimelipatia. Ile sindano ya kushonea magunia, ndefu, yenye ncha iliyopinda, inaingia kwenye tairi kama kwenye papai bivu. Pssss! Sauti tamu kuliko kengele ya kutokea kazini. Nikaukunja uso, nikamwendea Msimamizi wa ghala, nikamwambia gurudumu la kushoto limelala. Akauliza, tena? Nikasema tena. Akanifokea nikimbie kwa fundi pancha, magunia ya mchele yanasubiri.

Nikakimbia. Sijui kama kuna kibarua aliyewahi kutii amri kwa furaha namna ile.

Fundi alikuwa kazini kwake, chini ya ngazi za duka la rangi. Weusi wa mpira umempanda hadi viwikoni, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Marehemu mumewe alimwachia pampu, nyundo na karai. Watu walimcheka, eti mwanamke na matairi wapi na wapi. Siku hizi wanapanga foleni. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji kutafuta mapovu. Kazi hiyo inataka mtu wa kushika upande wa pili. Mtu huyo ni mimi! Vidole vyetu vikagusana chini ya maji. Mapovu yakatoka. Nikajifanya siyaoni ili aendelee kutafuta.

Kuna neno nimekuwa nikitaka kumwambia tangu mwaka jana. Leo nililifikisha mpaka kwenye meno. Nikafungua kinywa, nikamwambia maji ya leo ni ya baridi.

Jumanne, 7 Mei

Leo sina pancha. Siku mbili mfululizo zingeleta maswali, na mimi si mjinga. Nilipita tu pale na mzigo, ingawa mzigo ulikuwa unakwenda upande mwingine kabisa wa soko.

Nikamkuta Dereva wa lori! Amejikalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, ndoo yangu mimi ya kukalia, anamsimulia Fundi safari zake. Fundi anacheka. Tairi la lori limelala chini, kubwa kama meza ya kulia. Kulifungua tu ni vita. Mchana kutwa yuko naye! Tairi la toroli ni dogo kama sahani, Fundi akiligusa limekwisha. Haki iko wapi?

Dereva akaniita Bosi wa Magurudumu Mawili. Nikacheka kwa adabu. Rohoni naungua.

Nyumbani Shangazi, ninayekaa kwake, akaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Akasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi nakohoa mpaka majirani wanasikia. Nikamjibu kwamba subira yavuta heri. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, ndiyo maana tumbo linaniuma. Sishindani tena na Shangazi.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango mkubwa! Magurudumu yote mawili, na kila moja nimelidunga kila upande. Matundu yakiwa mengi, karai litachukua muda mrefu. Sielewi kwa nini sikuliwaza hili mapema.

Kusukuma toroli lenye magurudumu mawili yaliyolala ni adhabu. Mgongo umeniuma. Wauza mboga wamenipa pole njia nzima. Nilifika nimelowa jasho, nikamkuta Fundi yuko peke yake. Tyubu ilipozama, mapovu yakapanda kila mahali kama sufuria inayotokota. Akalipapasa tairi kwa nje, taratibu. Kisha akauliza ni msumari gani huu unaotoboa ubavuni, mahali pasipogusa ardhi. Nikasema barabara zetu mbaya. Akauliza mbona msumari wenyewe una ncha iliyopinda. Nikasema misumari ya siku hizi haina ubora. Akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Nadhani ni vumbi la msasa.

Halafu akanipa habari iliyonikata maini. Dereva amemletea ujumbe kutoka gereji kubwa, kule barabara kuu, nje ya mji. Wanatafuta fundi wa matairi. Kazi ya kudumu na chumba cha kulala juu yake. Wanataka jibu Jumamosi. Akasema amechoka kukaa peke yake chini ya ngazi, ila akipata sababu ya kubaki, atabaki. Alikuwa ananitazama. Na mimi nikamtazama. Solusheni, ile gundi ya pancha, ilikuwa inakauka kwenye kiraka.

Nikamwambia nitafikiria.

Akiondoka, nitakuwa napita pale kutazama nini? Ngazi?

Ijumaa, 10 Mei

Balaa! Fundi alikuja mwenyewe ghalani. Gauni safi, mikono ameisugua, weusi umebaki kwenye kucha tu. Kwa kumwona amesimama katikati ya magunia niliangusha nililokuwa nimebeba, likapasuka. Mkononi alikuwa na magurudumu mawili mapya. Mpira mtupu! Hayana tyubu, hayana upepo, hayajui pancha ni nini. Akayafunga kwenye toroli langu, zawadi, mbele ya Msimamizi, ambaye nusura acheze ngoma. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa toroli halitanileta kwake tena. Nikija, nije mwenyewe.

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Amenifukuza! Kwa heshima, kwa magurudumu mapya, lakini amenifukuza.

Alipoondoka nikajaribu sindano. Imevunjika.

Nikamweleza Shangazi. Akajipiga paji la uso. Akasema, mwanangu, mwenzio amekufungulia mlango, wewe unazunguka nyumba kutafuta dirisha! Akaniamuru niende kesho mikono mitupu, nikae, niseme. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu haendi kwa fundi mikono mitupu, huko ni kumpotezea mwenzako muda. Shangazi akaniachia chakula chote mezani, akaingia chumbani kwake.

Nimekaa kufikiri. Sababu ya kubaki. Fundi anabaki mahali kwa sababu gani? Kwa sababu ya kazi! Ona jinsi jibu lilivyokuwa karibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama. Stoo kuna sindano nyingine.

Jumamosi, 11 Mei

Nimewahi kuamka kuliko jogoo. Nikachukua wilbaro ya ghala, baiskeli ya Mlinzi (alikuwa amelala, sikuona haja ya kumsumbua) na mkokoteni wa muuza maji. Nikazidunga zote. Nikazifunga kwa kamba nyuma ya toroli, nikavuta. Toroli lenyewe lilikuwa linateleza kama halinijui. Msaliti!

Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo. Gauni lile lile la jana. Mbele yake hakuna hata tairi moja. Pembeni yake kuna ndoo ya pili, imepanguswa, imetandikwa kitambaa.

Akautazama msafara wangu mpaka wote ukaisha kukata kona. Akauliza kama hii ndiyo sababu yenyewe. Nikasema ndiyo, kwa fahari, na nyingine ziko njiani! Nikatafuta mahali pa kuweka gurudumu la baiskeli lisipate vumbi, nikaliweka juu ya ile ndoo yenye kitambaa.

Akalitazama gurudumu. Kisha akaniuliza, polepole, kama sina neno lingine.

Ninalo! Mungu wangu, ninalo. Nalala nalo, naamka nalo. Lilipanda, likafika kooni. Nikamwambia baiskeli ina shida ya valvu pia.

Akaitikia kwa kichwa. Akaziba zote, moja baada ya moja. Hakuniomba nimshikie upande wa pili. Alizamisha tyubu peke yake, na kila mapovu yalipotoka aliyaona mara moja. Nilisimama pembeni, mikono imekauka. Sijapata kuwa na mikono mikavu namna ile.

Dereva alipofika kuchukua jibu, akapewa. Ni ndiyo.

Jumatatu, 13 Mei

Mlinzi hanisemeshi. Muuza maji ananisemesha kupita kiasi.

Nimepita chini ya ngazi. Pampu haipo, nyundo haipo. Amebakiza karai, nadhani kule watampa kubwa zaidi. Maji bado yamo. Nikachutama, nikatia mkono, nikaushikilia pale kama vile kuna mtu upande wa pili. Nina hamu naye jamani. Mwenye duka la rangi akatoka, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia maji ya leo ni ya baridi.

Shangazi amenionea huruma. Ameniambia basi la kwenda barabara kuu linapita hapa hapa mtaani, nipande, nishuke, niseme neno moja, nirudi au nisirudi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, safari hii nimelijua kosa langu. Akaacha kuchambua mchele. Akanishika mkono, machozi yanamlengalenga, akasema alhamdulillahi, haya niambie, kosa lilikuwa nini.

Nikamwambia: udogo wa tairi.

Nimeulizia vizuri. Gereji ile haipokei toroli, wilbaro wala baiskeli. Magari makubwa tu. Kwa hiyo leo, baada ya kazi, nimekwenda kujiandikisha mafunzo ya kuendesha lori. Mwalimu amenionya kwamba si jambo la haraka, watu wengine huwachukua muda mrefu sana. Sina haraka. Shangazi anasema hadi hapo Fundi atakuwa ameshaolewa na mtu mwenye mdomo. Shangazi hajui mambo ya matairi. Tairi la lori nimeliona kwa macho yangu: linachukua mchana kutwa.