Msumeno wa Divisheni ya Heshima ya Kuta

Wakazi wote wa Kisangani, toka Makiso hadi Lubunga ng'ambo ya mto, walitangaziwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, kwamba Divisheni ya Mkoa ya Heshima ya Kuta imeunda Tume ya Juu ya Kuchagua Msumeno, na kwamba Tume ikiwa kazini, wananchi waendelee kuwa watulivu. Wananchi waliendelea. Mama mmoja tu muuza kwanga, mikate ya muhogo, alisimamisha baiskeli, akauliza kama msumeno huo utagawiwa kwa kila familia au kwa kila avenue.

Rais wa Tume alikuwa Anselme Lokangu, kaimu mkurugenzi wa Divisheni. Neno "kaimu" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata wanawe walidhani ni sehemu ya jina lake. Sasa habari zilikuwa zimefika: Mama Waziri anakuja toka Kinshasa, na atamthibitisha mkurugenzi hapo hapo ofisini, kwa kalamu yake mwenyewe. Anselme hakuwahi kutaka kitu duniani kama alivyoitaka kalamu hiyo.

Ili Waziri aone kazi, aliamua kwamba picha za viongozi na watumishi wote zitiwe fremu na kupangwa ukutani, na fito za fremu zikatwe na Divisheni yenyewe. Wapo mafundi wengi mjini wanaoweza kazi hiyo, lakini fundi hana Tume.

Tume ilifika dukani kwa Mama Solange ikiwa kamili: Anselme, na naibu wake Thierry, ambaye peke yake alikuwa katibu, wajumbe na msafara.

"Papa Directeur, scie à onglet, musumeno ya kukata pembe, iko aina tatu," Mama Solange alisema akipangusa vumbi. "Hii inageuka kuume na kushoto, inakata pembe, basi. Hii ya pili inageuka na inalala vilevile, ju ya kukata ubao mushazari. Hii ya tatu iko na reli. Unaivuta kwako, unaisukuma, inakata mbao pana."

Tume ilijitenga pembeni, karibu na magunia ya misumari, ikajadili. Ya pili ilikataliwa kwa sababu inalala, na Divisheni ilikwisha kusemwa vya kutosha mjini kwa jambo hilo. Ya tatu ilikataliwa kwa sababu inakwenda mbele kisha inarudi nyuma. Thierry alisema serikali haiwezi kuonekana ikirudi nyuma mbele ya raia, hata kama ni kwenye reli. Ikabaki ile ya kwanza, iliyokuwako ndogo na kubwa.

"Hii ndogo iko na meno mingi, inakata laini," Mama Solange alisema. "Ile kubwa iko na meno kidogo. Ile iko ya chantier, ya kujenga manyumba, inapasua tu."

"Bon," alisema Anselme. "Na zinageuka mpaka wapi?"

"Ndogo inafika digrii arobaini na tano. Kubwa inafika makumi sita. Papa, mu Kisangani muzima hakuna mutu iko na makumi sita!"

"Alors, tunakamata makumi sita," alisema Anselme, na sauti yake ilitetemeka kidogo kwa uzito wa historia.

Umeme haukuwako siku hiyo, kwa hiyo jaribio la kiufundi lilifanyika bila umeme. Thierry alishusha mpini wa msumeno akiunguruma kwa mdomo. Tume iliridhika na mngurumo.

Kabla ya kukata, ilibaki shida moja ya itifaki. Fremu, kwa wasioijua, ni fito nne. Kila ncha hukatwa kwa digrii arobaini na tano, na ncha mbili zikikutana huzaa kona ya mraba. Tume ilikuwa na habari hizo. Ilizichukulia kama mazoea ya mafundi, tena yenye dharau ndani yake, kwani haingii akilini Waziri na huissier wakatwe kwa pembe moja. Huissier wa Divisheni alikuwa Dady Lifoli, mtu mpole wa kufungua mlango na kupeleka mafaili, aliyepigwa picha kwa koti la kuazima.

Basi pembe ziligawanywa kwa vyeo. Waziri alipewa sitini, ukomo wa mashine. Anselme alijitengea hamsini na tano, Thierry akapata hamsini na tatu baada ya kununa, na wengine wakashuka ngazi kwa ngazi. Dady aliangukiwa na arobaini na tano, kwa sababu hapo mashine hunasa yenyewe bila kushikwa, na Tume iliona hiyo ni pembe isiyohitaji akili.

"Merci mingi, Papa Directeur," alisema Dady. Alikuwa na shukrani za kweli, masikini.

Jenereta ya kuazima iliwaka asubuhi ile ile ya ziara. Thierry alikata, vumbi la mbao likaruka, na saa chache baadaye alimwita Anselme kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

"Directeur, fremu ya Mama Waziri imefunga na miti tatu. Ya ine inabakia."

Ilikuwa kweli. Kwa digrii sitini fito tatu zilikutana vizuri kabisa, zikawa pembetatu, na fito ya nne haikuwa na pa kwenda. Fremu ya Anselme haikufunga hata kwa fito nne wala tatu. Ilikaa wazi kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Ya Dady peke yake ilikuwa fremu.

"Tia Waziri mu pembetatu," alisema Anselme. Jasho lilimtoka hadi kwenye soksi. "Hakuna wakati."

Picha ya Waziri ilipunguzwa ili iingie. Mabega yaliingia yote. Juu, pembetatu ilipokuwa inabana, masikio yote mawili yalibaki kwenye mkasi.

Magari yaliingia uani. Mama Waziri aliingia na watu wake, mwanamke mnene mwenye kilemba kilichofunika kichwa chote, akaenda moja kwa moja ukutani. Alisimama mbele ya pembetatu. Anselme aliyatazama yale mashavu yasiyo na masikio, akaona maisha yake yote ya utumishi yakiishia hapo.

"Nani njo Directeur hapa?" aliuliza Waziri bila kugeuka. "Nani alinifanya hivi?"

Swali la kwanza Anselme alikuwa amelisubiri miaka yote. Alifungua mdomo. Kisha aliutazama ukuta, akaona mtu mmoja tu aliyekaa vizuri ndani ya fremu nzima, amevaa koti, na mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyu, Mama Waziri," alisema, akamnyooshea kidole Dady. "Njo yeye."

Waziri aligeuka. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Toka nikiwa mutoto banachekaka masikio yangu," alisema. "Kinshasa yote, ba photographe yote, masikio, masikio! Weye peke yako ulinionea huruma. Kuya hapa, Directeur."

Kalamu ilitoka. Dady alijaribu kusema, "Hapana, Mama, miye niko…" lakini watu walikwisha kupiga makofi, na Thierry, aliyeelewa mambo haraka kuliko wote, alikuwa wa kwanza kumpa mkono na kumwita Papa Directeur. Jina la Dady liliandikwa herufi kwa herufi. Anselme alipiga hatua moja mbele.

"Na huyu anayetoka jasho?" aliuliza Waziri. "Yeye anafanyaka nini hapa?"

Dady alimtazama mkubwa wake wa zamani. Aliona kwamba asipotajiwa kazi yoyote, walinzi watamtoa nje. Alimhurumia sana, akamtafutia kazi aliyoijua vizuri.

"Papa Anselme? Iko mutu muzuri, Mama. Njo anafunguaka mulango."

"Bon," alisema Waziri, na msafara ukageuka kuondoka.

Anselme akafungua mlango.