Pole Iliyoletwa Nyumba Namba Kumi na Sita

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Idara ya Mitaro na Barabara,
Ofisi ya Mji.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUIRUDISHA POLE YENU

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako na wote ulio nao kazini. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na imechafuliwa na neno moja lenye herufi nne.

Kwa kuwa hunijui, nijieleze. Mimi ni mwandika vibao. Kile kibao cha "USIEGESHE GARI HAPA" kilicho mbele ya dirisha lako ni kazi ya mkono wangu, na wale wanaoegesha pale kila siku si kosa la maandishi. Nimeishi na maneno miaka thelathini na moja, kwa brashi na rangi ya mafuta, kwa hiyo neno likikaa mahali pasipo pake naliona kabla sijashuka kwenye ngazi. Nakaa nyumba namba kumi na nne. Namba kumi na sita anakaa dada yangu mkubwa, fundi cherehani, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki nikiwa na miaka saba. Kati ya mlango wangu na wake ni hatua kumi na moja.

Miezi mitatu iliyopita, siku ya Jumanne asubuhi, watu wenu walikuja na nyundo wakabomoa kibaraza cha dada ili mtaro upite. Dada alikuwa ametoka kwenda kununua vifungo. Aliporudi alikuta cherehani yake imesimama kando ya barabara, imefunikwa gunia kwa heshima zote, na pale penye kibaraza pana shimo. Mimi nilikuwa shuleni juu ya ngazi, naandika "CHOO CHA WALIMU". Kibaraza changu hakikuguswa hata tofali moja. Kipo mpaka leo.

Dada aliwaandikia kuuliza imekuwaje. Baada ya wiki mbili akaletewa karatasi yenye nembo yenu, na katikati limechapwa neno moja kwa herufi kubwa: POLE. Chini yake saini, basi. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Nayapanga kwa namba, maana karani wenu wa dirisha la tatu ameniambia yasiyo na namba hayasomwi.

1. Pole hutolewa na mtu ambaye hakufanya. Jirani akiungua mkono, unampa pole. Ukimmwagia maji ya moto wewe mwenyewe, unamwomba msamaha, tena haraka. Mtoto wa miaka minne anaijua tofauti hiyo, na asipoijua mama yake humfundisha siku hiyo hiyo. Ninyi mmebomoa kwa mikono yenu, kisha mmekuja kusimama nasi kando ya shimo na kushika tama kama wapita njia. Nilitegemea wakati wowote mtatuuliza ni nani aliyefanya unyama ule.

2. Nimefuatilia chanzo cha jambo hili na nimekipata. Karani alinieleza, kwa fahari kubwa, kwamba barua zenu hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kwa sababu karatasi za mfano zilikuja pamoja na mradi wa mitaro. Halafu hugeuzwa kwa kufuata orodha iliyobandikwa ukutani, neno kwa neno. Ni marufuku neno moja la Kiingereza kupewa maneno mawili ya Kiswahili, eti orodha itazidi ukurasa mmoja na gundi haitatosha. Nimeiona orodha hiyo kwa macho yangu. Katikati ya "soap", yaani sabuni, na "south", yaani kusini, lipo neno "sorry", na mbele yake mmeandika "pole". Samahani haimo. Nimetafuta juu hadi chini, na nyuma ya karatasi pia, karani akiwa amenishikia kona.

Bwana Mkurugenzi, neno hilo la "sorry" ni debe moja ambalo Waingereza wenyewe huchotea kila kitu. Mtu akifiwa, wanamwambia hilo. Wakimkanyaga, wanamwambia hilo. Wasiposikia ulichosema, wanakuuliza kwa hilo hilo. Nyumba ikichakaa mpaka inatia huruma, wanaieleza kwa hilo hilo pia. Na wanaelewana vizuri tu, kwa kuwa wanatazamana usoni na sauti inasema lililobaki. Karatasi yenu haina uso.

Ili nisiwaonee, nilimfuata yule mhandisi mgeni wa mradi, yule mrefu. Nilimweleza habari za kibaraza, naye akasema "sorry". Nikamwomba anifafanulie ni maana ipi kati ya hizi: anatusikitikia, au anatubu? Alifikiri kwa muda mrefu, maana ni mtu mwungwana, akasema hajawahi kuulizwa. Alipogeuka kuondoka aliangusha kopo langu la rangi nyekundu, akalisema tena neno lile lile, na safari hii masikio yalimwiva kuliko rangi yenyewe. Hapo nikaelewa bila kufafanuliwa. Basi naomba nanyi, mkishindwa neno, mtuletee hata masikio.

3. Msiniambie kwamba kugeuza neno hilo ni kazi isiyowezekana. Mwenye duka la vitambaa, ambaye kwao huzungumza Kiarabu, ameniapia kwamba mtu akiumia wanamwombea salama, na mtu akikosa anaomba asamehewe, na hajawahi kuona hata mlevi akiyachanganya hayo mawili. Mfamasia wetu amesoma Ufaransa. Anasema ukimwendea mfiwa kule ukamtamkia neno lao la kuomba radhi, atakutazama kama wewe ndiye uliyemuua marehemu. Sisi neno la kuomba radhi tunalo, tena si moja, na tumekuwa nalo kabla ya mitaro kuanza kuchimbwa. Mmeliacha lioze ghalani.

4. Dada yangu ni mtu wa adabu. Mtu akimpa pole hawezi kunyamaza. Kwa hiyo alichukua kalamu akawajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa: "Asante, nimeshapoa." Ninyi mkaipokea barua hiyo, mkaigonga muhuri, na juu ya jalada mkaandika: "Mlalamikaji amepoa. Lifungwe." Mmemnasa dada yangu kwa adabu yake mwenyewe. Laiti angekuwa mtu wa matusi, jalada lingekuwa wazi mpaka leo.

5. Orodha yenu sasa imeanza kuambukiza watu. Nilipokuja kulalamika, jenereta lilikuwa linanguruma nje ya dirisha la tatu na karani hakunisikia. Badala ya kuuliza "unasemaje", aliinua macho kwenye ile orodha, akanyoosha shingo na kuniuliza: "Pole?" Nikasema asante. Nikarudia shida yangu. Akauliza tena: "Pole?" Nikamwambia nimeshapoa. Nilirudi nyumbani bila kujua kama nimehudumiwa au nimefarijiwa.

6. Dada sasa anashonea chumbani. Cherehani imebanwa kati ya kitanda na kabati, na ili akanyage vizuri lazima mlango uwe wazi na mguu mmoja wa kiti uwe sebuleni. Kwenye kibaraza alikuwa anapata mwanga tangu asubuhi. Chumbani humo alishona sare nzima ya mtoto wa darasa la kwanza na mkono mmoja ukawa ndani nje. Amefanya kazi hiyo miaka arobaini na sikuwahi kumwona anafumua mkono. Wateja wanapita, hawamwoni, wanadhani amefunga kazi. Mwisho wa mwezi huu anahamia kwa binti yake, mji wa mbali, akaishi huko kama mgeni kwenye nyumba ya mkwe. Ameshaanza kufunga nyuzi kwenye maboksi.

Nitasema wazi kwa sababu barua hii ni ya serikali na haifai kuficha: akiondoka, sina mtu. Na kila nikikaa kuandika malalamiko haya, hupitia dirishani kwangu, ananiona nimeinama, ananiambia, "Pole, mdogo wangu, unavyohangaika kwa ajili yangu." Yake ni pole ya kweli. Nikiisikia naiweka kalamu chini.

7. Tazameni tunakoelekea. Ofisi ikiruhusiwa, raia naye atataka. Mwizi atamaliza nyumba, atabandika karatasi mlangoni: POLE. Mwenye nyumba atajibu nimeshapoa na polisi watafunga jalada. Dereva atamgonga mtu, atashusha kioo, atampa pole, ataendelea na safari yake. Mume atakayepotea wiki nzima atarudi na kumfariji mkewe kwa kuachwa peke yake. Mwisho wa yote mji utajaa watu wanaosikitikiana kutwa, na hapatakuwa na hata mmoja aliyefanya jambo.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, pole yenu mnaipata humu ndani ya bahasha, haijatumika, mtupe risiti. Pili, orodha ibanduliwe na neno samahani liingizwe hata kama ni pembeni. Nitaliandika mwenyewe kwa rangi ya mafuta, herufi zote nane, zikilazimika zipande mpaka kwenye dari. Tatu, na hili ndilo kubwa, itungwe sheria ya mji kwamba yeyote anayempa pole mtu aliyemkosea mwenyewe, awe mkurugenzi au awe nani, asimame mlangoni kwa huyo mtu saa mbili asubuhi, kichwa wazi, majirani wakiwepo, na atamke kwa sauti: "Ni mimi niliyefanya. Nisamehe." Baada ya hapo avue shati na kujenga alichobomoa, kwa mikono yake na kwa matofali yake. Asihurumiwe kwa umri wala kwa udugu.

Nategemea utalitazama jambo hili kwa macho yote mawili. Unisalimie karani wa dirisha la tatu na umwambie nilikuwa nimekuja kuhusu kibaraza. Msalimie mlinzi wa getini anayeniazima kalamu, mhandisi na masikio yake, wale mafundi waliofunika cherehani kwa gunia, maana wao walionyesha utu, na mkeo na watoto ambao siwajui lakini nawatakia mema.

Wako katika kutetea neno,

Fundi Brashi,
Mwandika Vibao,
Nyumba Namba Kumi na Nne.

Tanbihi: Bwana Mkurugenzi, nilipomaliza kuandika namba ya nyumba yangu hapo juu, kalamu iligoma. Kuna jambo sikulitia kwenye namba yoyote.

Amri yenu ya kubomoa ilihusu nyumba namba kumi na nne. Ilani yake ninayo, iko kwenye droo chini ya brashi. Jumatatu ile, siku moja kabla ya watu wenu kuja, nilikuwa nimekibandua kibao changu cha namba nikipake rangi upya, nikakitundika kikauke kwenye msumari wa kibaraza cha dada, kama ninavyofanya siku zote, kwa kuwa jua hufika kwake kwanza. Kibao chake mwenyewe cha kumi na sita sijawahi kukiandika; nimemwahidi miaka tisa. Watu wenu walitafuta kumi na nne, wakaikuta imeandikwa vizuri sana. Jumanne jioni niliokota kibao kwenye kifusi. Rangi ilikuwa haijakauka na vumbi la chokaa lilikuwa limegandia kwenye nne. Nikalikwangua, nikapaka tena, nikakipigilia kwangu, nikakaa kimya miezi mitatu.

Kwa hiyo hamkukosa. Mlimkuta mtu ameangukiwa na balaa mkampa pole, na hivyo ndivyo pole inavyotumika. Orodha yenu iko sawa, angalau kwenye mstari huo. Nafuta namba moja hadi saba.

Sheria niliyoipendekeza sikusubiri muipitishe. Leo saa mbili asubuhi nilisimama mlangoni kwa dada, kichwa wazi, mfamasia na mwenye duka la vitambaa wakiwa nje, nikasema yote. Alikuwa na pini mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa nguo yake, kisha akaniuliza kibaraza changu kina matofali mangapi. Akasema pia barua hii niitume nzima, na tanbihi ikiwa ndani.

Nimeanza kukibomoa, hamna haja ya kuleta nyundo. Habari ya kunisamehe amesema ataifikiria kibaraza chake kikishasimama, na maboksi ya nyuzi hajayafungua, ila hajaendelea kuyafunga. Mpaka sasa amenipa pole tu, kwa kuwa nimejigonga kidole gumba. Kinaniuma sana. Nimemjibu nimeshapoa.