Uzinduzi wa Debaga Mpya ya Pampu ya Lopur

(Hotuba ya Daktari Ejore, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mageuzi ya Kidijitali Maeneo Kame, mbele ya wananchi wa Lopur walioletwa Kakuma kwa lori, kwa kuwa Lopur hakukupatikana kivuli cha kuwatosha wageni.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma mwakilishi. Mwakilishi wake, ambaye bado yuko Lodwar kwenye kiamshakinywa cha kikazi. Viongozi wa dini zote, pamoja na wasio na dini lakini wana kura. Machifu, manaibu wa machifu na wanaotarajia kuwa manaibu. Washikadau wa sekta ya prosesa adimu. Majirani zetu kutoka kambi ya wakimbizi. Mke wangu mpendwa Bilha, aliyeichagua tai hii. Itifaki izingatiwe, na ambaye sikumtaja ajitaje moyoni nami nitaitikia. Sasa niwasalimu kwa Kiturkana: Ejok? (Umati: Ejok. Sauti moja: Maji.)

Maji nitayafikia, kwa kuwa yako kwenye hotuba, ukurasa wa mwisho. Kama mnavyofahamu, pampu yenu ya sola ina kompyuta ndogo tumboni, na kompyuta hiyo ina prosesa, yaani ubongo wake, ambayo si ya simu wala si ya laptopu, bali ni prosesa adimu, ambayo kampuni iliyoitengeneza imeshafungwa, nasi katika tathmini yetu ya kimkakati tuliliona jambo hilo kuwa fahari, kwa maana kitu adimu ni kitu cha thamani. (Makofi ya wafanyakazi wa Mamlaka.) Changamoto ndogo iliyojitokeza ni kwamba programu yake huanguka, pampu ikasimama, nanyi akina mama mkarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu.

Hapo ndipo inapoingia debaga. Debaga ni programu ya kuiuliza programu iliyokufa imekufaje. Nitatumia lugha ya nyumbani ili tusiache mtu nyuma: mbuzi akichinjwa, wazee huutandaza utumbo wakausoma, wakaona mvua, wakaona vita, wakaona mahali pa kuhamia. Basi programu ikianguka, kumbukumbu ya kompyuta hubaki jinsi ilivyokuwa wakati wa mauti; huo ndio utumbo, na debaga ndiye mzee msomaji. (Makofi ya kweli. Mzee Longor, mwenye mbuzi wengi kule Lopur, anatikisa kichwa kwa kuridhika.)

Tulikuwa na debaga toleo la zamani na debaga toleo jipya, na kwa kuwa Mamlaka yangu haikurupuki, niliunda kamati ya ulinganishaji, ikaketi hotelini Lodwar, na kwa kuwa hotelini hakuna prosesa adimu, matoleo yote mawili yakajaribiwa kwenye laptopu ya mhasibu wetu, ambayo haijawahi kuanguka. Toleo jipya lilionekana lina rangi nyingi na picha ya kupendeza linapofunguka, ilhali la zamani ni maandishi meupe juu ya weusi mtupu, kama tangazo la kifo. Tukapiga kura. Wahenga walisema, kipya kinyemi. (Mwalimu mmoja nyuma: Ingawa kidonda.) Asante, Mwalimu, sehemu hiyo muda haukuturuhusu.

Alikuwapo mtu mmoja wa kupinga, na sitamficha, ni injinia wetu Chepkirui, aliyedai eti toleo jipya limeacha kuitambua prosesa ya Lopur, ukililisha kumbukumbu yake linajibu kwamba halimjui mnyama huyu, ati la zamani ndilo linasoma mpaka pale programu ilipojikwaa. Nilimjibu kwamba serikali hairudi nyuma. Kisha, kwa moyo wa kukuza vipaji, tulimpandisha cheo tukampeleka Kaikor akasimamie mtandao wa kasi, na siku mtandao huo utakapofika Kaikor, utamkuta anausubiri.

Sasa sikilizeni uongozi ulivyo. Kabla kamati haijaja kuiona pampu, niliagiza usafi, kwa kuwa mgeni haonyeshwi nyumba chafu. Kumbukumbu yote ikafutwa, ikang'aa. (Minong'ono. Mzee Longor anasimama: Daktari, mliosha matumbo kabla hamjasoma?) Ndiyo, mzee wangu, tulisafisha kila kitu, hatukubakisha hata alama. (Kicheko kirefu. Wazee wanashikana mabega.) Nashukuru kwa furaha hiyo, ni ishara kwamba mradi umekubalika mashinani.

(Mama Namuar, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Lopur, anasimama: Daktari, hiyo pampu ilikuwa inaanguka, sisi tunawasha, inatoa maji, inaanguka tena. Tulikuwa tunakunywa hivyo. Sasa hata kuanguka hakuna. Nani alizima?)

Swali zuri sana. Ni mimi. Kigezo chetu cha utendaji ni mianguko, na tangu niizime pampu haijaanguka tena, jambo ambalo hata mataifa yaliyoendelea hayajalifikia; uthabiti wetu leo ni asilimia mia moja, na mwaka ujao tunalenga kuipita hiyo. (Mama Namuar: Mbuzi wangu inakufa. Mtoto wa dada yangu anaumwa tumbo na maji ya laga.) Pole, mama. Mbuzi ni idara nyingine, na tumbo la mtoto ni wizara nyingine kabisa. Nikiingilia nitashtakiwa.

Basi tupaze sauti pamoja. Nikisema debaga, mseme mpya. Debaga! (Wafanyakazi: Mpya.) Kumbukumbu! (Wafanyakazi: Safi.) Pampu! (Umati: Maji.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru vijana wa kwaya, mnaowaona nyuma yangu kwa makoti meupe tuliyoazima zahanati, kwa kukaa mbele ya kompyuta kwa nidhamu ya kitaalamu ingawa hazijawashwa. Namshukuru Keziah wa saiba, duka la intaneti la hapa Kakuma, mwenye kompyuta hizo, ambaye anazihitaji kabla ya saa kumi. Namshukuru fundi Gitau kwa bango la uzinduzi, ambalo kwa upande wa pili linaendelea kutangaza matairi. Namshukuru pia yeyote atakayekuja baadaye kuipakua debaga yenyewe, kwa maana bado haijapakuliwa, na yeyote atakayeandika pendekezo la mradi, kwa maana nalo halijaandikwa. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi akina mama wa Lopur, kwa maji mliyochota lagani alfajiri kwa ajili ya watoto wenu mkapanda nayo lori, kwani bila hayo wageni wetu wasingepata chai. Naarifiwa yamekwisha na sufuria ya pili haina kitu. Mama Namuar, lile dumu lililo chini ya kiti chako, tafadhali lilete mbele.

(Mama Namuar anasukuma kiti pembeni na kulikalia dumu. Watu wa lori zima la Lopur wanasimama kumzunguka.)