Ndoo ya Maneno Kwenye Ntheo ya Nzula

Woodley,
Jumamosi mchana.

Kwa mpwa wangu Kitavi, fundi wa tovuti ya ukoo,

Natumai hujambo huko kazini mjini. Sisi tuko salama, ila mimi nina hasira.

Kama ujuavyo, leo watu wa akina Kuria wamekuja kuleta mbuzi wa ntheo, ili binti yangu Nzula ahesabiwe mke wa kijana wao Kuria. Kamati ilinichagua niandike kila jambo kwenye ule ukurasa uliotutengenezea, ndugu walioshindwa kufika wasome papo hapo. Nimeandika tangu asubuhi. Ukurasa ni mweupe pe. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Seva yako inashikilia maneno yangu. Nilipokupigia ulisema, "Aunty, tulia. Hiyo kitu inajaza ndoo kwanza, ikijaa ndio inamwaga yote." Kitavi, katika ukoo wetu umewahi kumwona nani akikusanya maneno kabla ya kuyatoa? Babako? Mimi?

2. Kaka yangu Kilonzo amelala Kangemi na mguu uliovunjika. Ameona weupe, akapangusa simu kwa leso, akaona weupe tena, akaamua wakwe wamemkataa bibi harusi. Sasa anafunga na kuomba, na mguu wake unahitaji supu.

3. Ulinishauri niandike kwa wingi ndoo ijae haraka. Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini nilijitolea. Habari za mbuzi zilipokwisha niliandika kuhusu wigi ya Mama Kuria, inayotazama kando wakati mwenyewe anatazama mbele. Haikujaa. Nikaandika kwamba amerudia pilau mara tatu na bado anauliza kama binti yangu anajua kupika. Haikujaa. Nikamwongeza yule mbuzi wao mkubwa, ambaye kwa maoni yangu ameletwa hapa afe kwa uzee. Ndoo gani hiyo, Kitavi? Tangi la maji la kanjo ya jiji?

4. Naomba ndoo iondolewe leo hii, kila neno langu limfikie kila mtu pindi linaponitoka. La sivyo nitakushtaki kwa babako, kisha kwa mchungaji, kisha nitakuja ofisini kwenu mwenyewe na kilemba hiki.

Nzula anakusalimu. Ametabasamu tangu alipoamka, na moyo wangu umejaa. Nisalimie Janice, watoto, na mlinzi wa geti lenu.

Mimi shangazi yako ninayengoja kusomwa,
Maureen

Tanbihi: Nzula amenijia sasa hivi kuniambia kwamba Kuria amewatumia watu wa kwao wote anwani ya ukurasa. Mama Kuria ameketi mbele yangu, miwani usoni, simu mkononi, anangoja. Kitavi mwanangu, nimewaza upya. Weupe ni rangi nzuri. Ndoo usiiguse, na kama unayo kubwa zaidi, iweke. Wazee wamefunga sherehe kwa maombi na kila mtu ameitikia. Mimi hata Amina sijaiandika, isije ikawa ndiyo ya kuijaza ndoo.