Malalamiko Dhidi ya Shule Iliyompokea Binti Yangu Vizuri Mno

Cotter's Bend, Kansas
Mei 19

Kwa Bwana Leland Amundson,
Msimamizi wa Shule za Wilaya

YAH: BI. MARLYS HUEBNER NA WEMA ULIOPITA KIASI

Ndugu Amundson,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kahawa yako ingali ya moto. Mimi ni Wendell Thibodeaux, mume wa Sajenti Corinne Thibodeaux anayetengeneza helikopta pale kambini, na baba wa Odette wa darasa la kumi na moja, yule mpiga tromboni mrefu. Huenda hunijui. Kambini wananiita "mume wa sajenti", nami nimeitikia jina hilo miaka kumi na saba. Kazi zangu muda wote huo zimekuwa tatu: kufunga maboksi, kufungua maboksi, na kugombana na shule.

Hiyo kazi ya tatu, bwana, ndiyo niliyonyang'anywa na mshauri wako wa wanafunzi, Bi. Huebner. Nimevumilia miaka miwili. Sasa amevuka mpaka, na tunahama mwezi ujao, kwa hiyo nayasema yote.

1. Kuhusu jalada la buluu. Sisi watu wa jeshi tuna sheria moja: kila kitu kipande lori isipokuwa vyeti vya shule vya mtoto. Malori hupotea. Kitanda chetu kiliwahi kufikishwa Florida, mahali ambapo hatujawahi kuishi hata siku moja. Jalada la buluu husafiri mapajani mwangu, kutoka Texas hadi Washington, Washington hadi Georgia, Georgia hadi Kentucky, na Odette alipokuwa mdogo alilala juu yake akalidondoshea mate likachakaa pembe. Shule moja huko nyuma, sitaitaja, ililitazama jalada lile wiki sita nzima. Fomu yetu ilirudishwa kwa sababu niliijaza kwa wino wa kijani. Odette alikaa maktaba wiki sita akisoma kamusi.

Basi nilipokuja kwa Bi. Huebner nilikuja kivita. Nilivaa tai. Hotuba niliikariri njia nzima ya Missouri, na ndani yake mlikuwa na maneno "fedheha" na "mbunge wetu". Bi. Huebner akafungua jalada, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniambia, "Haya, ataanza kesho. Hesabu anaipenda asubuhi au mchana?" Dakika kumi na moja, Bwana Amundson. Nililegeza tai nikarudi nyumbani. Hotuba ninayo mpaka leo, haijatumika, na inaniwasha.

2. Kuhusu historia. Kila jimbo la nchi hii linaamini kwamba dunia iliumbwa ili lenyewe lipate kuwepo, na mtoto hatoki darasani mpaka akiri hivyo. Odette alisoma historia ya Texas darasa la nne, ya Washington darasa la saba, ya Georgia darasa la nane. Anawajua ndege rasmi wa majimbo matatu na magavana waliokufa zamani kuliko babu yangu. Sehemu za hesabu, zile nusu na robo, ndizo hakufundishwa na mtu. Texas walisema watafundisha mwaka unaofuata, na Washington walisema walishafundisha mwaka uliopita. Nilimfundisha mimi, kwa keki, mezani, na nusu ya somo tuliila.

Nilitegemea hapa nanyi mngemdai historia ya Kansas. Bi. Huebner akasema, "Huyu ameshasoma historia ya majimbo matatu, tutamhesabia. Badala yake atasoma hesabu na Mwalimu Goering, pengo lililobaki tutaliziba." Sasa mtoto ana alama nzuri za hesabu kunishinda, na ananisahihisha dukani mbele za watu.

3. Kuhusu bendi. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shule zote tulizopita zilishika msemo huo: nafasi za bendi zimejaa tangu Aprili, mgeni akapige makofi kule nyuma. Ninyi mlimfanyia majaribio kabla hatujatoka Kentucky. Alijirekodi akipiga tromboni katikati ya maboksi, nikiwa nimeshikilia simu, akatuma, na kiti chake kikawekwa. Tulipofika kiti kilikuwa na jina lake, tena limeandikwa sawasawa, pamoja na ile x ya mwisho ya Thibodeaux isiyotamkwa ambayo hata jeshi huisahau.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo. Lakini bwana, mlianza kumtunza kabla hajajua kwamba ni kwao. Hiyo ni rafu.

4. Mama yake aliporudi kutoka ng'ambo mwezi wa Novemba, baada ya miezi tisa, nilikuwa nimeshatunga uongo kuhusu jino la Odette ili apate siku za kukaa naye. Uongo mzuri, una daktari na una uvimbe. Bi. Huebner alinipigia simu mwenyewe kabla sijautoa. "Bwana Thibodeaux, mama si anarudi Alhamisi? Mpe binti siku tano, kazi zake nitamkusanyia." Uongo ule umeoza mikononi mwangu.

5. Sasa nakuja kwenye madhara yenyewe, na hapa nakuomba uweke kalamu chini.

Nyumba za kambi hazipigwi misumari. Tukihama anakuja mkaguzi na tochi, na kila tundu ni kesi. Ndiyo maana kila baba wa kambini unayemwona ananunua dawa ya meno nyeupe mirija sita kwa mkupuo. Si kwamba ana meno mengi. Anaziba matundu. Nyumbani kwetu tuliacha misumari kabisa: picha zote zinabandikwa kwa mkanda wa gundi, na maboksi mawili huwa hayafunguliwi kamwe ili kuhama kusituume sana. Odette amekua hivyo. Akiulizwa kwao ni wapi alikuwa anajibu, "Kwetu ni popote mama alipo", na watu wazima wanasema lo, mtoto ana busara, nami naangalia viatu vyangu.

Mwezi Machi nilisikia nyundo. Nikakuta amepigilia msumari wa inchi nne ukutani, ametundika picha ya bendi. Nikamwuliza ameingiwa na nini. Akasema, "Baba, nimechoka kuokota picha chini kila asubuhi." Nikageuka nikaona yale maboksi mawili yamefunguliwa, yamekunjwa, yamesimama nyuma ya mlango.

Wiki hiyohiyo mtu wa kituo cha mafuta alimwuliza kwao ni wapi. Nilikuwa karibu, nilisikia. Akajibu, "Hapahapa."

6. Siku nne baada ya msumari ikaja amri ya uhamisho. Alaska, tuwe tumefika tarehe mosi Julai. Odette amebakiza mwaka mmoja tu amalize. Nilijua la kufanya, nimelifanya mara nne: nikatoa stika, nikatoa kalamu, nikaanza kuandika namba kwenye maboksi.

Bi. Huebner akamwita ofisini akamweleza kwamba majimbo yote yametia saini mkataba kuhusu watoto wa wanajeshi, na kwamba ndani yake mtoto anaruhusiwa kubaki kwenye shule yake mpaka amalize, akikaa na mlezi, wazazi wakishatia saini. Akampa fomu ya ulezi. Fomu, Bwana Amundson! Nani alimtuma? Shule inatakiwa imnyime mtoto kitu ili baba aende akapige meza. Hii yenu imempa binti yangu kitu ambacho sina jinsi ya kukigombania, kwa sababu anayesimama mlangoni kukizuia ni mimi.

Mlezi tayari amejitokeza: Bi. Dorcas Unruh, dereva wa basi lenu namba tisa, mjane mwenye chumba kitupu na kuku kumi na wanne. Alikuja kwetu akakaa jikoni hakuvua koti. "Kijana," akaniambia, na mimi nina miaka arobaini na minne, "binti yako amepanda basi langu miaka miwili hajachelewa hata siku moja. Mimi mayai yananizidi. Wewe unaogopa nini?" Nikampa chai.

Mke wangu naye, niliyedhani ni wa upande wangu, alinikuta usiku huo nabandika stika kwenye kiti cha Odette cha kusomea. Akasema, "Wendell, jeshi limeniamrisha mimi. Yeye halijamwamrisha." Kisha akakibandua kile kistika akakibandika kwenye paji la uso wangu, akaenda kulala. Nilikuwa boksi namba thelathini na nane.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba haya matatu:

(a) Bi. Huebner ahamishiwe kwenye maegesho ya magari, mahali ambapo hawezi kumsaidia mtu.

(b) Odette adaiwe historia ya Kansas, mwaka mzima, kwa mtihani, mpaka aichukie Kansas.

(c) Fomu ya ulezi nimeiambatanisha hapa. Imejazwa yote, na imejazwa kwa wino wa kijani, makusudi. Najua ofisi zinavyofanya kazi. Naomba muikatae. Mkiikataa ninyi, nitakuja pale na tai yangu, nitatoa hotuba yangu hadharani, nitashindwa, na sote watatu tutapanda gari kwenda Alaska bila mtu kumlaumu baba. Ni jambo dogo ninaloomba. Mtoto atatimiza miaka kumi na minane Februari ijayo, na kwenye picha za nyumba ya huko Alaska nilishaona meza ya kukatia keki.

Sina kingine. Nisalimie yule mama wa ofisi ya mbele anayeweka pipi kwenye bakuli, msafisha ukumbi anayetunza funguo za chumba cha bendi, Mwalimu Goering wa hesabu, na wote wanaopanda basi namba tisa. Bi. Huebner pia msalimie, ila usitabasamu unapomsalimia.

Ni mimi, ninayelalamika kwa adabu na maboksi thelathini na saba,

Wendell Thibodeaux
(Mume wa Sajenti)

N.B. Barua hii imelala siku tatu mezani kwa sababu sikuwa na stempu, au tuseme ukweli, nilikuwa nazo. Asubuhi ya leo nimeziba lile tundu la msumari kwa dawa ya meno, mkaguzi hataliona. Msumari wenyewe nilikuwa nao mfukoni, na gari likanipeleka kwa Bi. Dorcas. Nikamwuliza nipige wapi. Akasema popote, ukuta ni wake na mkaguzi ni kuku. Nimeupigilia juu ya kitanda, picha ya bendi iko pale, nimeitikisa haianguki. Nimemwachia pia sufuria yetu na maelekezo ya maharage mekundu tunayopika kila Jumatatu, ingawa Odette anajua kuyapika kuliko mimi.

Kwa hiyo ile fomu ya kijani itupe. Ndani ya bahasha utakuta nyingine, ya wino mweusi, saini yangu na ya mama yake. Nimeikagua mara tatu. Ikiwa na kosa lolote nipigie simu hata usiku, nitakuja kulirekebisha. Bi. Huebner aliomba na vyeti vyote vya nyuma, nami sikutaka kuvikabidhi kwa posta wala kwa lori, nikampelekea jalada la buluu kwa mkono. Akaniambia atalitunza. Nimeshazoea kuendesha safari ndefu nikiwa nalo, kwa hiyo sijui njiani mikono nitaiweka wapi, maana sajenti ndiye atakayeshika usukani na mimi mapajani sitakuwa na kitu.