Sera ya Mteja Asiyeridhika

Kuna watu huamka asubuhi wakatafuta kazi, na kuna Dastan, ambaye huamka asubuhi akatafuta mtu aliyekwama. Siku hiyo mjini Kayanga hakutafuta sana. Alikuwa ameegemea mlango wa duka la steshenari, kalamu tatu mfukoni mwa shati, akijifanya anasubiri fotokopi ambayo hakuwa ameiomba, aliposikia binti aliyeketi mbele ya kompyuta akimlalamikia mama mmoja mtu mzima.

"Shangazi, imekataa tena. Picha za vikapu imepokea, bei imepokea, lakini duka halifunguki mpaka tuandike sera."

"Sera? Kwani tunagombea udiwani?"

Mwenye swali hilo alikuwa Mama Benadeta, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wa Ihembe wanaosuka vikapu vya mifuniko. Binti alikuwa Kemigisha, mtoto wa kaka yake na katibu wa kikundi. Walikuwa wanafungua duka la mtandaoni, na vya kwanza kuuzwa vingekuwa vile vya pichani: vikapu kumi na viwili, kila mama kimoja, kazi ya miezi mitatu iliyofanywa baada ya shamba na kabla ya usingizi.

Dastan akachungulia picha, akahesabu, moyo ukamruka. Wiki moja kabla, Karekezi, mwenye nyumba ya wageni kule Murongo, alikuwa amemwambia kwamba vyumba vyake kumi na viwili havina pambo, na kwamba atakayemletea vikapu vizuri kumi na viwili atampa pikipiki yake kuukuu. Dastan alikuwa akitembea kwa miguu tangu pikipiki yake ya mwisho ichukuliwe na mwenyewe.

"Shikamoo, mama," akasema, akiingia kwa unyenyekevu.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa kudakia maneno. Mimi natoka Bukoba, na kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Naandika sera za maduka ya mtandaoni."

Kemigisha akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Unatoza shilingi ngapi?"

Dastan akashika kifua, uso ukamwiva kwa uchungu. "Dada! Kwa akina mama? Bure."

Na tulionee huruma kidogo neno hilo, bure, kwa mizigo ambayo watu wa aina ya Dastan wamelibebesha.

Siku ya tatu alikuwa uani kwa Mama Benadeta, Ihembe, ametandikiwa mkeka, ametafuna punje za kahawa ya wageni, ana karatasi mkononi. Kikundi kile hakitii saini kitu kisichosomwa kwa sauti, kikafasiriwa kwa Kinyambo, na kila mama akatoa lake. Kwa hiyo Dastan alisoma. Sera ya usafirishaji: mzigo utaondoka ndani ya siku saba. Wakaongeza, mvua ikiruhusu. Sera ya siri: hatutatangaza habari za mteja.

"Hata kwa jirani?" akauliza mama mmoja.

"Hata kwa jirani, mama."

"Hiyo ngumu. Lakini andika."

Kisha akakohoa na kusoma kile kilichomleta. "Mteja atalipa akisharidhika. Asiporidhika, hatalipa, wala hatasumbuliwa kurudisha bidhaa."

"Yaani akisema tu hakipendi, kinakuwa chake?" akauliza Kemigisha.

"Hiyo ndiyo imani, dada. Mteja akijua anaaminiwa, anaona haya kudanganya. Na ili mtu baki asije akamsemea, nimeandika hapa: kuridhika kutathibitishwa na mteja mwenyewe, kwa uso wake na sauti yake." Kifungu hicho alikipenda sana. Kilizuia bodaboda yeyote asije akaripoti kwamba mteja alipokea mzigo huku anachekelea.

Wanawake wakanong'onezana. Mama Benadeta akainua mkono.

"Mwanangu, kuna jambo umesahau. Kwetu mtu akilaumu kazi ya mkono wako, humwachii aibu yako ikae nyumbani kwake. Unamfuata na sindano yako, unakaa kwake mpaka kikapu kikae sawa. Mama yangu alikaa Nyakasimbi siku tisa kwa ajili ya mfuniko mmoja."

"Kweli kabisa, mama waitu," wakaitikia wenzake.

"Na chakula?" akauliza Dastan.

"Si ni mgeni? Anakula kwa mwenye kikapu."

Dastan aliuma mdomo asicheke. Wanawake wenye migomba ya kupogoa na maharage ya kupalilia, nani kati yao atafunga safari kwa ajili ya lalamiko? Akaandika kwa mwandiko wa harusi: msukaji wa kikapu kinacholalamikiwa atamfuata mteja popote alipo, na atakuwa mgeni wake hadi aridhike. Hayo maneno "popote alipo" aliyatia yeye mwenyewe, kwa utamu wa lugha tu.

Duka likafunguliwa. Kabla wiki haijaisha likapata mteja wa kwanza: Madam Noela, mwekezaji, mkazi wa Nyakatuntu wilayani Kyerwa, nyumba ya mlango wa kijani karibu na mashine ya kukoboa kahawa. Alitaka vikapu vyote kumi na viwili. Ihembe walipiga vigelegele. Nyakatuntu, nyuma ya mlango wa kijani, Dastan alikuwa anajifunza kuandika kike.

Bodaboda alipofikisha mzigo, Dastan aliupokea "kwa niaba". Alipofungua, alivigeuza kimoja kimoja. Vilikuwa vizuri, vizuri kupita picha, vimebanwa mshono kwa mshono hata ncha ya sindano isingepata pa kupenya. Kitu fulani kilimchoma moyoni, na kwa kuwa hakukizoea, alidhani ni njaa. Alikunywa chai, kikapita.

Kesho yake Madam Noela aliandika kwa masikitiko makubwa kwamba mifuniko haikai. Hapo ndipo tamaa ilipomponza mtu mwenye akili zake. Angelalamikia kikapu kimoja, angejiletea mgeni mmoja. Lakini alitaka vyote, akavilaani vyote.

Ijumaa saa tatu asubuhi alisikia gari likizima nje, halafu sauti.

"Hodi! Hodi kwa Madam Noela!"

Alichungulia dirishani. Waliteremka mmoja mmoja kutoka kwenye gari la mizigo: wanawake kumi na wawili na Kemigisha, kila mmoja na sindano yake, mkeka wake, na blanketi. Sindano hazikumtisha. Mablanketi yalimtisha.

"Eeh! Kumbe mwandishi wetu!" Mama Benadeta akafurahi alipofunguliwa. "Na huyu mteja ni ndugu yako?"

"Mimi... mimi namlindia nyumba tu, mama. Madam amesafiri."

"Hapana neno. Tutamngoja."

Majirani walikwisha kujaa uzioni. Nyakatuntu unaweza kusamehewa wizi wa kuku, lakini ukimfukuza mgeni mlangoni, wajukuu wako wataulizwa habari hiyo. Dastan akatabasamu kwa shida, akasema karibuni.

Walikaribia. Hadi adhuhuri mikungu miwili ya shamba lake ilikuwa jikoni, na jogoo wake alikuwa ndani ya chungu pamoja na ndizi. Hadi jioni dumu lake la pombe ya rubisi liliinuliwa kwa kidole kimoja. Na katikati ya yote hayo walikuwa wanafumua mifuniko, taratibu, huku wanaimba.

"Msifumue!" Dastan akapaza sauti. Karekezi alikuwa anakuja kesho yake. "Inakaa vizuri!"

"Hata sisi tunaona inakaa," akasema Mama Benadeta. "Lakini mteja amesema haikai. Tumbishie mteja?"

Dastan alitoka nje na simu sikioni, akarudi anacheka. "Madam amepiga! Ameridhika kabisa! Anasema mwende salama!"

Kemigisha akafunua karatasi. "Kwa uso wake na sauti yake," akasoma. "Sera ni sera, kaka."

Kwa hiyo walilala. Dastan alilala jikoni.

Jumamosi saa nne Karekezi alifika na gari dogo, pikipiki imefungwa nyuma. Akaona uani wanawake na vikapu, uso ukamchanua.

"Dastan, hivi ndivyo vikapu vyangu? Mbona uliniambia unavisuka wewe na mkeo?"

Nyimbo zikakatika. Mama Benadeta akaweka mfuniko chini, akauliza kwa upole, "Mke wake ndiye Madam Noela?"

Dastan akawatazama wale wanawake, akaitazama pikipiki, akapiga magoti. Alikuwa na aibu, aibu ya kweli, na hakujua aifanyie nini.

"Nisameheni, mama. Madam Noela ni mimi."

"Tunajua. Bodaboda alituambia aliyepokea mzigo ana kalamu tatu. Wewe ulidhani hayo mablanketi ni ya nini?" Akamgeukia Kemigisha. "Andika: mteja amejitokeza, uso na sauti. Haya, Madam, umeridhika?"

"Nimeridhika, mama."

"Na mifuniko?"

"Inakaa."

"Vizuri. Sasa lipa."

Dastan akageuza mifuko yake nje. Zilianguka kalamu na karanga moja.

"Basi oda imefutwa," akasema Mama Benadeta. Mifuniko ilikuwa imefumuliwa mzunguko mmoja tu, na wenzake walikuwa wameshaanza kuirudishia. Karekezi, ambaye hakuelewa lolote ila kwamba vikapu bado vinauzwa, aliteremsha pikipiki na kuuweka ufunguo mkononi mwa mwenyekiti. Kikundi kilikuwa na haja ya chombo cha kupelekea mizigo stendi.

Walikunja mablanketi, wakashukuru kwa chakula. Dastan alidhani yamekwisha, lakini Kemigisha alibaki mlangoni.

"Bado maoni ya mteja. Duka letu halina hata moja."

Aliandika akiwa amesimamiwa na watu kumi na watatu. Alitoa nyota tano, kwa jina la Madam Noela, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza chumvi: "Nililalamika. Wasukaji walikuja wenyewe hadi nyumbani kwangu, kumi na wawili, na hawakuondoka mpaka niliporidhika."

Maoni hayo yapo mpaka leo, juu kabisa ya ukurasa. Vikapu vya Ihembe sasa vinanunuliwa hadi Mwanza na Arusha, na hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika.